Mnara Dirishani

Kwenye matanga ya Maman Feza nilikalishwa mkekani, chini ya dirisha la mbele, na jambo la kwanza nililofanya, kabla sijampa mtu pole, lilikuwa kuvuta pazia kidogo nione kama mnara bado unaonekana. Ulionekana. Mnara wa simu wa Hillbrow, hapa Johannesburg, mwembamba, kichwa chake kama kifundo, umesimama juu ya mapaa kama sindano iliyochomekwa kwenye mto wa pini. Kushoto kwake lilikuwepo jengo moja refu la mviringo. Mama mmoja wa kanisani kwa marehemu, aliyekuwa akichambua mchele kwenye ungo, alinitazama vibaya. "Dada, unatafuta nini inje, na kilio kiko humu?" Nikaliachia pazia. Jibu langu lina urefu wa mwaka mzima, mwaka 2012, nilipokuwa na umri wa miaka ishirini na sita na kuishi katika nyumba hiyo hiyo. Habari za kwetu Tanga na sababu za kuondoka kwangu niziweke kando, maana hazina kazi hapa. Daftari zangu za mwaka ule ninazo, nne, na nimezisoma upya kabla ya kuandika haya.

Nyumba ile ya Bellevue ilijengwa zamani kwa ajili ya familia moja, watu waliopenda dari za bati la nakshi na mahali pa kuotea moto katika kila chumba. Nilipohamia mimi, tulikuwa familia tisa. Vyumba vilikuwa vimegawanywa kwa mbao nyembamba za kabati, kwa hiyo kila mtu alijua mwenzake anakula nini, anakohoa mara ngapi na anamwomba Mungu kitu gani. Chumba cha mbele, kikubwa kuliko vyote, kilikuwa cha Mzee Bonifasi, fundi cherehani, Mrundi wa Bujumbura, mwenye sauti ya upole na mkasi ambao hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Mahali pa moto pa chumba chake palijaa majora ya kitambaa. Chumba changu kilipakana na cha Maman Feza, mwanamke wa Uvira aliyesuka nywele kwenye saluni ya Rockey Street, mtaa wa jirani wa Yeoville. Mchana alikuwa mcheshi, anapenda kutania wateja. Lakini kila Jumapili akitoka kanisani, nilimsikia nyuma ya ubao akipiga simu Kalemie, Kigoma, Lubumbashi, Kitwe, kwa watu ambao namba zao alipewa na watu wengine. Maneno hayakubadilika. "Allô? Mimi ni mama mmoja wa Uvira. Pale kwenu hakuna kijana anaitwa Heri? Mwenye kovu huku kwenye kidevu?" Kisha kimya, kisha, "Aksanti, hapana mbaya." Halafu nasikia anawasha jiko, na baada ya muda harufu ya sombe, kisamvu cha kwao, na dagaa inapita chini ya ubao, na yeye mwenyewe anagonga kwa kijiko: "Tanzania! Unakufa njaa huko?"

Heri alikuwa mwanawe wa pekee. Walipoteana siku ya vurugu kule Uvira, yeye akaingia mtumbwi huu, mtoto mtumbwi ule, na mitumbwi haikufika mahali pamoja. Mtoto alikuwa na miaka kumi na minne. Mwaka ninaouzungumzia alikuwa ametimiza ishirini na mbili, kama alikuwa hai. Kwa desturi ya kwao angeitwa Mama Heri, lakini alikuwa amelikataza jina hilo nyumba nzima. Alisema haitwi kwa jina la mtu ambaye hajui yuko wapi.

Mimi nilifanya kazi kwenye interneti kafe hapo hapo Rockey Street, nikiandikia watu barua za maombi na kuwafundisha kufungua anwani za barua pepe. Nyumbani nilikuwa mwandishi wa gazeti dogo, na ugonjwa wa kazi hiyo haukuwa umenitoka: nilitaka kila jambo liwe na nani, wapi na lini, na nilimwona mtu anayepamba habari kuwa mwongo mdogo. Ndiyo maana Didier alinijia mimi. Didier alikuwa Mkongo wa Lubumbashi, mpiga video za harusi. Siku moja mwezi wa tatu aliniwekea karatasi mezani. Tamasha dogo la mjini lilikuwa linaomba filamu fupi, kila moja iwe imetokana na hadithi fupi ya zamani iliyochapishwa.

"Journaliste," akaniambia, hakuwahi kuniita Zuhura, "weye unasoma. Nipe hadithi ya zamani, yenye batu wachache. Na isikuwe na gari."

"Kwa nini isiwe na gari?"

"Gari ya zamani nitaitoa wapi? Mimi niko na kamera moja tu na viatu hivi."

Hadithi niliijua iko wapi. Juu ya meza ya Mzee Bonifasi, kati ya chaki na futi, kulikuwa na kitabu cha kusoma cha shule, kisicho na jalada, kilichomfikia ndani ya gunia la mitumba. Nilikuwa nimekifungua mwezi mmoja kabla, nikakuta hadithi niliyoisoma darasa la saba, "Suti ya Safari". Jina la mwandishi lilikuwa limeondoka pamoja na jalada. Inamhusu mama mmoja wa mji mdogo ambaye mwanawe amekwenda kufanya kazi kwenye migodi ya mbali. Mama anakwenda kwa fundi, anaagiza suti ya kijivu ambayo mwanawe ataivaa siku atakayorudi, na vipimo anavitoa kichwani, kwa kuonyesha mikono hewani. Mwana harudi. Kila mwaka mama anairudisha suti kwa fundi, anamwambia mwanangu lazima ameongezeka, achia mshono kidogo. Fundi anaachia. Miaka inapita hivyo, kitambaa kinakaribia kwisha ndani ya mishono, hadi siku mama anapopokea habari kuwa gari moshi la kesho linaleta watu wa migodini. Anaichukua suti mkononi, anakaa kwenye kiti cha fundi kusubiri. Na hapo ukurasa unakwisha, na unaofuata haupo.

"Nimefungia vifungo," alisema Mzee Bonifasi, kama mtu anayeeleza jambo la kawaida kabisa. Na kwake lilikuwa la kawaida. Alikuwa na desturi ya kuhifadhi kila aina ya vifungo katika kikaratasi kilichosokotwa kama cha karanga, na karatasi ya kitabu hicho, alisema, ilikuwa nzito, haichaniki. Didier alishika kichwa. Jumapili iliyofuata tulikaa chumbani kwake na chai na magwinya, maandazi ya huku, ya moto, tukafungua vikaratasi vyote kimoja kimoja. Vifungo vya shati, vya sketi, vya koti la polisi. Tulipata somo la usafi wa meno, tukapata methali na maswali yake, tukapata nusu ya ramani ya Afrika. Vikaratasi vya vifungo vya makoti Mzee Bonifasi alivifungua mwenyewe, amesimama kwenye mwanga wa dirisha, ametupa mgongo. Alipomaliza akatikisa kichwa. Nilimtumia ujumbe mwalimu wangu wa darasa la saba, akajibu kwamba hadithi anaikumbuka, mwisho haukumbuki, kwa sababu miaka hiyo walikuwa wakiwahi maswali. Mimi mwenyewe nilijaribu kukumbuka hadi nikaumwa kichwa. Nilichokumbuka ni kwamba niliposoma ule mwisho, nilitazama nje ya dirisha la darasa kwa muda mrefu. Sasa mtu hutazama nje kwa furaha, na hutazama nje kwa huzuni pia.

"Mutoto harudi," alisema Didier. "Hadithi nzuri haiwape batu kile banataka."

"Anarudi," alisema Mzee Bonifasi.

"Umeusoma, mzee?" nikamuuliza moja kwa moja, kama nilivyofundishwa kuuliza.

"Mwanangu, fundi haachi mshono wa akiba kwa mtu ambaye haji."

Tulibishana kwa sauti, harudi, anarudi, harudi, na katika nyumba ile mabishano ya chumba kimoja yalikuwa ya vyumba vyote. Mlango ukafunguliwa. Maman Feza alisimama pale na kitana kimechomekwa nywelani na unga wa bugali mkononi. Hakuwa akicheka. "Hiyo mama mnatafuta wa kucheza," alisema, "musitafute tena. Ni mimi. Lakini uso wangu uonekane."

Didier alieleza, kwa adabu, kwamba haiwezekani. Katika hadithi mama haelezwi sura hata mahali pamoja. Msomaji anaona mikono yake tu, ikipima mwana hewani. Alikuwa amekwisha kupanga picha zote: mikono, kivuli, mgongo. Tamasha lilisisitiza kuiheshimu hadithi. "Mama wa hii hadithi hana uso, Maman."

"Basi utafute mwanamke asiye na uso," alisema Maman Feza. "Yeoville yote, utapata."

Nilimfuata hadi jikoni. Akakoroga bugali kwanza, kwa nguvu, kisha akaniambia. Pale saluni wateja waliletewa filamu kutoka Lubumbashi, kutoka Dar es Salaam, kutoka Bujumbura, zikaonyeshwa kwenye televisheni ya ukutani wakati wakisukwa. Aliwajua waigizaji wa kule kwa sura kuliko majirani zake. Na diski hizo zilisafiri njia zote mbili. Madereva wa malori walizipandisha Lusaka, Kasumbalesa, Lubumbashi, na kutoka huko Mungu ndiye anajua. "Kama sura za batu ba kule zinafika huku," alisema, "ya kwangu kwa nini isiende kule? Simu inaita mtu mmoja mmoja. Filamu inaita bote." Nilirudi chumba cha mbele nikamweleza Didier. Alichezea kifuniko cha lenzi. Mwishowe akasema atampa picha moja ya uso, ya mwisho, ile ya kwenye kiti, kwa kuwa mwisho wenyewe hatuna na hakuna wa kutushitaki. Na baada ya hadithi, pale yanapopita majina, ataandika: Maman Feza wa Uvira, msusi, Rockey Street, Yeoville, Johannesburg. Maman Feza akaitwa, wakashikana mikono. Sijaona mkataba uliofungwa haraka zaidi, mmoja mkono wake una unga.

Filamu iliamuliwa iwe bubu. Sababu ya kwanza ni kwamba kinasa sauti cha kamera kilikuwa kimemwagiwa shampeni kwenye harusi moja. Ya pili ilikuwa sisi wenyewe. Tulipofanya jaribio, Mzee Bonifasi alizungumza kama msomaji wa redio, Maman Feza alizungumza Uvira, na mimi, niliyecheza sehemu ndogo ya mke wa fundi, nilizungumza Tanga, na ikawa kama fundi, mkewe na mteja wamekutana kwa bahati uwanja wa ndege. Mzee Bonifasi akasema si shida. Alipokuwa mdogo, padri mmoja aliwaonyesha sinema za kwanza kwanza, zile zisizo na sauti, watu wakitembea mbio mbio, na katekista akisimama kando ya shuka akieleza. "Tulilia," alisema, "na hatukusikia neno hata moja kutoka kwa wale watu." Basi tukaandika maneno machache kwenye kadi nyeusi kwa chaki yake ya fundi, nami nikapewa kazi ya katekista.

Tulipiga picha Jumapili kumi na moja, majira ya baridi, na ninapoyasoma madaftari naona kwamba kazi yetu kubwa ilikuwa kuiondoa Johannesburg. Hadithi ilikuwa ya mji mdogo wa zamani, kwa hiyo Didier hakutaka dishi la televisheni, hakutaka waya wa umeme juu ya ukuta, hakutaka robot, kama wanavyoziita huku taa za kuongoza magari. Njia anayopita mama kwenda kwa fundi tuliipata kwenye kilima cha Observatory, kati ya mawe na majani makavu ya manjano, na hata huko Didier alimfanya Maman Feza apite mara tisa kwa sababu chini bondeni palionekana taa za barabarani. "Eish, mwanangu," alipiga kelele akishika kiuno, "huyu mama wa zamani hakuwa na magoti?" Tukashuka tukala kota kwenye spaza, kiduka cha kona, mkate uliochimbwa ndani na kujazwa chipsi na achari, na Maman Feza akataka kujua ni mwenda wazimu gani aliyevumbua kutoa moyo wa mkate na kuweka viazi. Suti ilishonwa kweli. Mzee Bonifasi hakukubali kubandika vipande vya kuigiza. Alimwuliza Maman Feza vipimo, na yeye, kamera ikiwa imezimwa, akanyanyua mikono akaonyesha mabega, kisha urefu, kisha akasita. "Alikuwa hapa," akasema, mkono ukiwa kwenye kifua chake. "Sasa sijui." Mzee akaandika namba. Nilimwona akiacha ndani ya kila mshono kitambaa cha upana wa vidole vitatu.

Picha ya mwisho tuliipiga Jumapili jioni, tamasha likiwa linafunga kupokea kazi kesho yake. Kiti kiliwekwa mbele ya dirisha hili nililokalishwa chini yake. Pazia zito la kahawia lilivutwa kuficha nje, na Mzee Bonifasi akapewa kazi ya kulishika lisipepee. Maman Feza akakaa, suti mapajani. Didier aliinama juu ya kioo kidogo cha kamera, kofia kichwani kuzuia mng'ao, akaufuata uso. Nilikuwa nimeshika kadi. Tulikubaliana dakika moja, lakini Didier hakusema basi, na Maman Feza hakutoa macho. Hakulia mara moja. Kwanza alitazama kama mtu anayemtafuta mwenziwe kwenye kundi. Kisha kama amemwona. Kisha kama amekosea. Alifungua kinywa akasema kitu, neno moja, na kamera ile haikuwa na sikio, ila sisi watatu tulisikia. Machozi yakafuata, naye akayaacha yateremke bila kuyafuta. Didier alipozima, Maman Feza mwenyewe ndiye aliyezungumza kwanza, "Nani ameweka maji ya chai? Ao tunasubiri gari moshi?"

Aliyegundua kosa hakuwa yeyote kati yetu. Filamu ilikuwa imekwisha kupelekwa tamashani, na Jumapili iliyofuata tuliionyesha nyumbani, mchana, mablanketi kwenye madirisha na shuka la Maman Feza ukutani. Nyumba nzima ilikuja. Nilisimama kando nikisoma kadi na kueleza, na watoto waliozaliwa hapa Johannesburg, ambao hujibu Kiswahili chetu kwa Kizulu, walikuwa wa kwanza kunyamaza. Uso wa mwisho ulipojaa ukutani, mtoto mmoja aliuliza kwa Kizulu kama huyo mtu atakuja kweli. Halafu sauti ya mwanamume nyuma: "Eish! Si Hillbrow hiyo?" Watu wakacheka. Tukatazama. Nyuma ya bega la Maman Feza pazia lilikuwa wazi upana wa mkono mmoja, na kwenye ufa huo, dhidi ya jua linalozama, ulisimama mnara, mweusi, wazi kabisa, na jengo la mviringo kushoto kwake. Mji mdogo wa zamani wa hadithi ulikuwa na mnara wa simu wa Johannesburg.

Didier aliumia kama mtu aliyeibiwa. "Mzee! Pazia!"

"Kulikuwa na giza," alisema Mzee Bonifasi, akiokota nyuzi kwenye suruali yake. "Nilitaka apate mwanga usoni."

"Turudie," Didier alimwambia Maman Feza. "Tutabembeleza batu ba tamasha, batapokea nyingine."

"Machozi si maji ya bomba," alijibu. "Uso uko pale. Inatosha."

Tamasha lilitukataa. Barua yao ilikuwa ya adabu. Walipenda ukimya wake, ila mnara wa kisasa dirishani, waliandika, uliivunja hadithi. Didier alibandika barua hiyo ukutani kwake kama adhabu. Mimi nilikuwa upande wake. Nilimwambia Mzee Bonifasi, kwa heshima lakini nilimwambia, kwamba kosa dogo la kweli huiharibu habari yote. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama nimekula.

Baadaye Didier alimpa filamu muuza diski mmoja wa barabarani, na kufika mwezi wa kumi nikaikuta kwenye meza nyingine kabisa, imebanwa na nyingine saba kwenye diski moja. Niliinunua, nikaiweka kwenye kompyuta ya kafe. Wanakili walikuwa wamekata miisho ya filamu zote nane ili zienee. Majina yote yalikuwa yameondoka, na pamoja nayo mstari wa Maman Feza wa Uvira, msusi, Rockey Street. Nilitembea hadi saluni polepole kuliko kawaida. Alikuwa na kichwa cha mteja mikononi. Nikamweleza. Vidole vyake havikusimama. "Uso upo?" Upo. "Hawakukata uso?" Hawakukata. "Basi," alisema, na akamwinamisha mteja kichwa upande wa pili. Nilijua, nikiwa mtu wa kuhesabu nani na wapi na lini, kwamba uso usio na mahali hauna faida kwa anayetafuta. Sikumwambia. Januari nilipata kazi Pretoria nikahama, na katika daftari la nne sentensi ya mwisho inasema: Filamu imekwisha, hakuna aliyepiga simu.

Katikati ya mwaka 2014 simu ikalia nikiwa kazini. Mzee Bonifasi hakuwa mtu wa salamu fupi, lakini siku hiyo alisahau salamu. "Zuhura, panda teksi uje. Amekuja."

Nilimkuta Heri chumba cha mbele, amesimama, kwa kuwa alikataa kukaa. Alikuwa mwanamume mpana, kidevu chenye kovu, mabega ya mtu anayebeba mizigo. Maman Feza alikuwa amekaa kwenye kile kiti, amemshika mwanawe mkono kwa mikono yake miwili, kama anayeogopa atapanda mtumbwi mwingine. Niliuliza maswali, sikuweza kujizuia, naye akajibu kwa mpangilio kuliko mashahidi wengi niliowahoji. Alikuwa mpakuaji wa malori Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia. Pale kwenye kibanda cha chakula kulikuwa na televisheni. Alikuwa anakula maharage, ameipa filamu mgongo, akageuka tu kwa sababu watu wote walikuwa wamenyamaza. "Nikaona mama. Ananiangalia. Nikasema nimekuwa wazimu." Aliomba irudishwe mara tatu. Hakukuwa na jina, hakukuwa na mji. Dereva mmoja wa lori, mdomo umejaa, ndiye aliyenyoosha kijiko. "Huo mnara ni wa Joburg. Nimeuacha juzi."

"Joburg ni kubwa," nikasema.

"Kubwa sana. Lakini ule mnara uko na ule mujengo wa mviringo upande wa kushoto, na kati yao nafasi ya vidole hivi." Akanyoosha mkono, jicho moja amelifumba, akapima hewani. "Nilifika, nikazunguka. Ukisimama Hillbrow yenyewe, hapana. Ukienda kule ingine, vinabadilishana. Nikatembea, nikatembea, kila njia napima. Huku Bellevue vidole vikaenea. Nikaanza kuuliza milango."

Mzee Bonifasi alikuwa ameishusha suti kutoka kwenye msumari ilikokaa miaka miwili ndani ya mfuko wa nailoni. Heri aliivaa pale pale. Mabega yalikataa, mikono ikaishia juu ya vifundo, na sote tukacheka kicheko ambacho kilikuwa kinatafuta mahali pa kutokea kwa muda mrefu. "Vua," alisema mzee. "Kipo kitambaa ndani." Didier, aliyefika akihema, aliitazama ile picha, mwana na fundi na mama kitini, akaushika mfuko wake, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na kamera. Na nyumba nzima, kuanzia jioni hiyo, ikamwita Mama Heri.

Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyatazama nje ya dirisha wakati yule mama wa kanisani aliponikaripia. Mama Heri alikufa mwezi uliopita, kitandani kwake, mwanawe akiwa kando. Waombolezaji walipopungua, Mzee Bonifasi aliniita mezani pake. Amezeeka, na bado haruhusu mtu kugusa mkasi. Alivuta droo akatoa kikaratasi kimoja cha vifungo vya koti, vya kijivu, akakiweka mbele yangu. "Weye ulitaka sana kujua," alisema. "Sasa yeye hayupo. Fungua."

Karatasi ilikuwa nzito, ya manjano, mikunjo yake imekwisha kuwa laini kama kitambaa. Nilimwaga vifungo kiganjani nikasoma. Gari moshi linafika, watu wanashuka, mwana hayumo. Mama anasubiri kwenye kiti hadi siku nyingine, kisha anaiacha suti kwa fundi na hairudii tena. Fundi anaitundika dirishani mwake, na jua linaipausha. Ndiyo mwisho. Nikakumbuka dirisha la darasa la saba.

"Ulikuwa nao tangu siku ile ya magwinya," nikasema.

"Tangu siku ile."

"Na pazia?"

Alitazama mnara, kisha akanitazama mimi. "Didier alitaka mama wa kwenye kitabu. Mimi nilikuwa na mama huyu nyuma ya ubao, kila Jumapili, allô, allô. Nikasema angalau aonekane amekaa wapi."

Heri aliingia kutoka uani, akifuta jasho la kubeba viti. Alikuwa amevaa suti ya kijivu. Sasa ana mtoto, na tumbo, na mishono ilikuwa imeachiwa tena pembeni. Ulionekana mstari wa kitambaa kipya kisichopauka, upana wa kidole. "Mzee, kifungo kimetoka," alisema, "na mchungaji anatungojea." Mzee Bonifasi akanyoosha kiganja kwangu bila kugeuka. Nikampa kifungo kimoja. Vilivyobaki nikavirudisha kwenye ukurasa, nikaukunja kwa mikunjo yake ile ile, nikausokota vizuri, nikausukuma ndani kabisa ya droo, na nikamshikia Heri koti wakati mzee akitia uzi sindanoni.